Ufunguo Usiokombolewa

Mwanangu Zuhura,

Sikuulizi hali yako, maana nakusikia hapo chumbani unavyovuta zipu ya begi na kulisema kama mtoto mkaidi. Wala wewe usiniulize yangu. Umeniona leo kutwa nzima nikikujibu kwa mkato, ukadhani nina homa, ukanishika paji la uso. Sina homa. Nina hasira, na nyingi si zako.

Mambo ya kula na kulala, na baridi ya Dodoma, sitayaandika. Shangazi zako wamekwisha kukujaza masikio. Kesho tutakuwa Mbezi Luis, wapiga debe watakuwa wanapiga kelele, mabasi yananguruma, na mimi najijua: nitakukumbatia, nitakwambia ukifika unipigie, basi. Kwa hiyo naandika sasa, jua bado lipo, nimekaa kibaraza cha nyuma ambako hupendi kukaa kwa sababu ya moshi wa jirani anayekaanga samaki.

Nataka kukuandikia juu ya kile kifungu cha utani.

Juzi ulinisomea jikoni, mimi nachambua mchele. Ulisoma kwa sauti ya mtangazaji wa taarifa ya habari: "Mtani aliyechukua kitu cha wafiwa atakirudisha kabla ya matanga kuanuliwa, na asipokirudisha atahesabiwa kuwa mwizi." Ukanieleza kwamba kamati yenu inakusanya mila za makabila ili ziingizwe kwenye sheria, nchi iache kuishi kwa sheria za kuazima. Ukasema hii mmeipata kwenye hukumu ya zamani ya mahakama yetu ya mwanzo hapa Temeke, na kwamba ulipoliona jina langu pale chini, mzee wa baraza, ulipiga kelele ofisini mpaka bosi wako akatoka nje kuangalia. "Mama, maneno yako yanaingia kwenye sheria ya nchi!" Mimi nikaendelea kuchambua. Ukauliza mbona sifurahi, nikakwambia mchele huu una mawe mengi.

Zuhura, hiyo si mila. Hakuna Mzaramo wala Mnyamwezi aliyewahi kuitamka kabla yangu. Niliitunga mimi, mchana kweupe, nimeketi kwenye kiti cha mahakama na miwani mipya usoni, kwa sababu hakimu alitaka jibu na mimi nilitaka nionekane ninalo.

Babu Maganga unamfahamu kwa sura. Yule mzee mwembamba wa nyumba ya bati jekundu, anayekuitikia shikamoo yako bila kusimama. Hivyo unavyomwona sivyo alivyokuwa. Wewe ulikuwa shule ya bweni Morogoro miaka hiyo, ukirudi likizo unashinda na simu. Maganga alikuwa akibeba mizigo kwenye yadi za makontena Kurasini, na hapa mtaani ndiye alikuwa mtani wetu. Mnyamwezi peke yake katikati ya Wazaramo, na alitutosha wote. Nikipita na kanga mpya kutoka Buguruni ananisimamisha njiani: "Wewe Mzaramo, hiyo kanga umeiba wapi? Nyie si mnajua kucheza ngoma tu, hela mnatoa wapi?" Mie namjibu: "Nyamaza mpagazi wewe, shusha mzigo kwanza ndiyo useme!" Tunacheka mpaka watu wanatoka madirishani. Mgeni angedhani tunagombana.

Lakini kazi yake hasa ilikuwa msibani. Akifa mtu kwetu, kabla ya shehe hajafika, Maganga amekwisha fika. Wanaume walikuwa wakituhadithia kwamba makaburini alikuwa akiruka ndani ya kaburi, analala, anasema, "Fupi hili, marehemu alikuwa na miguu kama korongo, chimbeni!" Nyumbani anavaa kofia ya marehemu, anatembea kama marehemu, anakohoa kama marehemu, anakwenda mpaka mlangoni kwa mjane na kuuliza, "Leo hakuna chai?" Na mjane, mwanangu, mjane ambaye tangu asubuhi hajafungua mdomo, anacheka. Anacheka halafu ndipo analia vizuri. Nimeliona hilo kwa macho yangu zaidi ya mara moja na sijui daktari anayeweza kulifanya.

Na alikuwa anachukua vitu. Ndivyo mtani alivyo. Anachukua sufuria, anachukua redio, anachukua kiatu kimoja cha kaka mkubwa wa marehemu, anakaa nacho, anasema haondoki mpaka akombolewe. Wafiwa wanatakiwa waje kukomboa. Wanakomboa kwa chochote: kikombe cha maji, jani la mchicha, kifuniko cha soda. Kinachotakiwa ni waje. Wainuke pale walipoangukia, wamfuate, wamtukane, wamkomboe. Mtani naye hawezi kurudisha kitu bila kukombolewa. Akikirudisha bure atakuwa amemtangazia kila mtu kwamba marehemu hakuwa na ndugu.

Hilo la mwisho lisome tena, maana ndilo nililolijua na sikulisema.

Alipofariki Mzee Kondo, mwenye ile nyumba ya ghorofa moja karibu na msikiti, mwanawe wa pekee Hamisi alikuja na gari kutoka Goba. Alikuwa amekua huko na huko, hatukumjua sana wala yeye hakutujua. Mazishi yalikuwa adhuhuri. Baada ya mazishi akawaambia watu kwamba ana mkutano kesho yake, kwa hiyo anaaga. Baba yake bado hajazoea udongo. Watu wakatazamana, hakuna aliyesema neno, kwa kuwa siku hizi mwenye mkutano haambiwi neno. Maganga ndiye aliyesema. Alichomoa ufunguo wa gari kwenye kiti alipouacha Hamisi, akaufunga kwa uzi, akauning'iniza shingoni, akapanda kukaa juu ya boneti.

"Humalizi msiba wa baba yako mchana mmoja kama mtu anayekwenda kukata nywele," akamwambia. "Ukomboe. Mie hapa nalala."

Wanawake tulipiga vigelegele. Mimi nilikuwa mmojawapo, nakumbuka. Hamisi aliona tunamcheka yeye. Akasema kwa Kiswahili kizuri cha ofisini, "Mzee, naomba ufunguo wangu tafadhali." Maganga akajibu, "Nani anaomba? Mie nakombolewa, siombwi." Shangazi yake Hamisi akamnong'oneza akachume hata jani pale uani ampe. Hakutaka. Akaita bodaboda, akaondoka. Gari likabaki. Hitma ikasomwa siku ya tatu bila mtoto wa marehemu, matanga yakaanuliwa, turubai likafunguliwa, na Maganga akawa bado ana ufunguo shingoni anakwenda nao kazini na kurudi nao, anamsubiri mtu aje akomboe. Aliyekuja alikuwa askari.

Kesi ikaletwa kwetu. Wewe ni mwanasheria sasa, mambo ya mahakama ya mwanzo unayajua kwenye vitabu, lakini kukaa pale ni kitu kingine. Mzee wa baraza unaketi kando ya hakimu, unasikiliza, mwishoni unaulizwa maoni yako. Tulikuwa wawili, mimi na Mzee Chande, ambaye kila kesi alikuwa akisinzia na akiamka anasema, "Nakubaliana na mheshimiwa." Mimi nilikuwa nimekaa miaka pale bila kuulizwa jambo lolote ambalo hakimu hakuwa amekwisha kuliamua. Nilichoka kuwa pambo. Nalisema hili nikijua linanivua nguo.

Hakimu wetu mpya alikuwa kijana mzuri. Ndiyo maana inaniuma. Angekuwa mbaya ningepumzika. Nilimwambia mapema kwamba mshitakiwa ni jirani yangu na mtani wangu. Akasema, "Mama, ndiyo vizuri. Mahakama hii inaheshimu mila, na mila anaijua mwenyeji." Maganga alisimama pale kizimbani akasema maneno machache: "Mheshimiwa, mie ni mtani. Sikuiba. Nasubiri wanikomboe." Watu nyuma wakacheka, hakimu akawatuliza. Halafu akanigeukia mimi. Si Chande. Mimi.

"Mzee wa baraza, mila inasemaje? Mtani anaruhusiwa kukaa na kitu cha watu kwa muda gani?"

Karani akainua kalamu. Zuhura, sijui kama umewahi kukaa ukaona kalamu inakusubiri wewe. Jibu la kweli lilikuwa kwamba mila haina muda. Jibu la kweli lilikuwa, mheshimiwa, swali hili umelielekeza kwa mtu asiyestahili, muulize yule kijana wa Goba kwa nini hakuja na jani la mchicha. Lakini niliona jibu hilo likitoka kinywani mwangu litachekwa. Litaonekana la kishamba, mama wa Kizaramo na mchicha wake mbele ya serikali. Nikataka mila yetu nayo ionekane imevaa suti. Nikasema, "Mheshimiwa, mtani anaruhusiwa kuchukua, lakini lazima arudishe kabla ya matanga kuanuliwa."

Hakimu akaitikia kwa kichwa taratibu, kwa kuridhika. Karani akaandika. Nikaona raha, mwanangu. Naomba ulijue na hilo. Raha ilinipanda mpaka shingoni.

Kisha hakimu akauliza tarehe ya hitma na tarehe ya kukamatwa, akazipanga, na mimi nikaelewa nimefanya nini. Alipotuuliza maoni, Chande alikubaliana na mheshimiwa. Mimi ningeweza kusema hapana. Ningesemaje hapana, wakati kanuni ni yangu mwenyewe na wino haujakauka? Nikasema ana hatia. Maganga alinitazama. Hakukasirika. Alinitazama kama mtu anayesubiri nimalizie utani, kwamba sasa hivi nitasema, "Mpagazi wewe, umeogopa eh?" na wote tutacheka tutoke nje. Alisubiri mpaka alipoguswa bega na askari.

Alifungwa miezi kadhaa, ili liwe fundisho. Kazi Kurasini ikapotea. Hamisi alilichukua gari lake, akaiuza nyumba ya baba yake, sijamwona tena. Hakimu alihamishwa kwa kupandishwa cheo. Siku ya kuondoka alinishika mkono akasema amejifunza mengi kutoka kwangu.

Kwa miaka niliwalaumu wengine, na bado nawalaumu. Usidhani mama yako amegeuka malaika. Namlaumu Hamisi. Nawalaumu wale wa nyuma waliocheka na hakuna hata mmoja aliyesimama kusema, mheshimiwa, huyu mama anadanganya. Walijua wote. Waliniachia kwa sababu nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha juu, na sisi huku mtu akikaa kiti cha juu tunamwachia aseme. Nailaumu na sheria yenyewe, hata kama ndiyo itakayokupa mshahara. Utani una watu wawili: anayechukua na anayekomboa. Sheria ilimwona aliyechukua. Yule ambaye hakukomboa haikuwa na jina la kumwita, kwa hiyo ikamwita mlalamikaji.

Unakumbuka msiba wa baba yako. Ulikuwa umekwisha anza chuo, ulirudi na wenzako. Baadaye uliniambia, "Mama, msiba wa baba ulikuwa na heshima sana, hakuna fujo." Nilikuacha uamini hivyo. Nitakwambia leo ulichokuwa unakiona. Maganga alikuja, alikuwa ametoka gerezani siku nyingi. Alivaa shati safi. Akaketi kwenye kiti cha plastiki mstari wa nyuma, akatoa rambirambi, akaja mpaka mlangoni nilipokuwa nimekaa akasema, "Pole sana, mama. Mungu akutie nguvu." Akaondoka. Kofia ya baba yako ilikuwa juu ya kabati, hakuna aliyeivaa. Nilikaa siku tatu nikisikiliza kama kuna mtu atakohoa kama baba yako akaniuliza chai. Sikulia mpaka wiki ya pili, peke yangu, nafua. Hiyo ndiyo heshima uliyoisifu.

Na hakuna mtani mwingine aliyethubutu. Vijana wa siku hizi wakitaniana msibani wazee wanawakanya: mtafungwa kama Maganga. Kwa hiyo mila yenyewe mnayotaka kuiingiza kwenye sheria, huku kwetu sheria ilikwisha kuiua, na mimi nilishika miguu wakati inachinjwa. Sasa mnakuja kuandika jinsi ilivyokuwa hai, na mnanukuu maneno ya mchinjaji.

Sikukatazi kazi. Ningekuwa nataka kukukataza ningekuambia ukiwa bado hujapata tiketi. Huenda mkaandika mengine mazuri. Zipo mila za kwetu zilizowatesa wanawake ambazo ningefurahi mkizizika bila hitma. Ila utakaa na wazee vijijini, utawauliza mila inasemaje, na wao wataona kalamu yako. Watataka kukufurahisha. Watakupa sentensi nzuri, fupi, yenye muda na adhabu, na bosi wako ataipenda kwa sababu inaandikika. Mimi nakwambia kama mtu aliyeitoa sentensi ya namna hiyo: ukiona mzee anakujibu haraka na amekaa wima, funga daftari, omba maji ya kunywa, mwache aanze kusimulia nani alimfanyia nani nini. Kama hatakwambia, rudi bila kitu. Bosi atakununia. Mnuno hauui.

Jana, baada ya wewe kunisomea kile kifungu, nilikwenda kwa Maganga. Ilinichukua muda kufika na ni nyumba ya nne. Nilichukua jani la mchicha, unicheke ukitaka, nikalifunga kwenye ncha ya kanga. Nilikuta anarekebisha kiti. Nikamwambia kwa sauti kubwa, kama zamani, "Mpagazi wewe, bado hujafa?" Akasimama. Mzee yule, na magoti yake mabovu, akasimama kwa adabu akasema, "Karibu, mzee wa baraza. Karibu ukae." Mtani hasimamiwi, Zuhura. Mtani hakaribishwi. Alinipa kiti chenyewe alichokuwa anakirekebisha, akabaki wima.

Nikamwambia. Nikasema yale maneno ya siku ile yanakwenda kuwa sheria, Dodoma, nchi nzima, na anayeyapeleka ni binti yangu. Nikasema sikuwahi kumwomba radhi. Nikalitoa lile jani, nikamnyooshea. Akalitazama, akalipokea kwa mikono miwili kama mtu anayepokea risiti, akaliweka dirishani.

"Ahsante," akasema. "Mwambie mtoto aandike tu, mheshimiwa. Sie huku hatuna tena watani, tuna majirani."

Nilikunywa maji aliyonipa nikarudi nyumbani, ukanikuta nakosa raha ukasema ni presha.

Kifute kile kifungu. Sitaki kirekebishwe, sitaki kiongezwe maneno, kifute. Wakiuliza kwa nini, waambie shahidi wenu amekana, na wakitaka nije kusema mwenyewe nitapanda basi nije, kiti chochote watakachonipa nitakaa. Ukifanikiwa, usinipigie simu, sitaki pongezi. Ukishindwa nipigie siku hiyo hiyo, nipate kwenda kumwambia Maganga mimi mwenyewe kabla hajalisikia redioni.

Mimi mama yako.